Mzee wa makazi kaumwa nimonia, hospitali wakasema ni uzee tu. Tulikosea wapi?

DadaWaZamu ameandika:

Habari za jioni wadau. Kuna jambo linanikaa rohoni tangu mwezi jana, naomba mnisaidie mawazo, hasa manesi na madaktari na nyie mliowahi kuuguza wazee.

Mimi ni mhudumu kwenye makazi ya wazee, haya madogo ya binafsi, tuko huku njia ya Bagamoyo tuna wazee 19. Nesi tunaye mmoja anakuja mchana, usiku tunabaki wahudumu wawili. Sasa tuna babu mmoja wa miaka 81, zamani alikuwa fundi wa reli, kiharusi kilimpitia mkono na mguu wa kulia ila akili yake timamu kuliko sisi, kila asubuhi lazima aulize gazeti na akusahihishe Kiswahili chako. Jumatatu akakataa uji. Tukasema labda kauchoka. Jumanne akaanza kumuita marehemu mkewe, mara anataka kushuka stesheni ya Morogoro, anatugombeza treni imesimama mbona hamfungui mlango. Joto la mwili kawaida. Kikohozi hamna, labda kile kidogo cha kusafisha koo. Tukampima malaria hana. Tukakubaliana bas uzee umeanza kumwingia kichwani. Jumatano saa 10 alfajiri mwenzangu akaniita nimuangalie anavyopumua, tumbo linapanda na kushuka kama mtu aliyetoka kukimbia.

Mpaka tumepata gari, mpaka tumempigia mtoto wake aliyeko Mwanza akapokea, mpaka tumeivuka foleni ya Mwenge, tumefika hospitali saa 3 asubuhi. Jina la hospitali silitaji na nawaomba msibuni. Waliomsindikiza ni dereva na kijana wetu wa bustani, maana mimi zamu ilikuwa imeisha na nesi hajafika. Daktari kawauliza mzee huwa anaongea hivi siku zote? Wakajibu hatujui daktari, sisi ni wa nje. Anatumia dawa gani? Za presha nadhani. Ikaandikwa mgonjwa ana matatizo ya kumbukumbu ya uzee, akalazwa kwenye benchi la korido kusubiri. Saa 8 mchana ndio mtu kapita na kile kimashine cha kubana kidoleni, oksijeni ya damu asilimia 84. Hapo ndio wakaanza kukimbizana.

Amekaa wodini siku 11. Nimonia imepona, siwezi kusema hawakumtibu. Lakini nilipoenda kumuona siku ya nne nimekuta amefungwa mkono kitandani kwa bandeji kwa sababu anavuta mirija, ana mpira wa mkojo ambao hata hakuwa nao, na ndugu wa mgonjwa wa jirani anamlisha wali kwa huruma yake huku mzee kalala chali. Karudi kwetu na kidonda kwenye kalio, hawezi kukaa, karatasi ya ruhusa imeandikwa dawa mbili tu na zile za presha hazijatajwa kabisa, hatujui zimesitishwa au zimesahauliwa.

Kwa hiyo swali langu lina pande mbili. Sisi huku makazi tufanye nini ili mzee afike hospitali mapema na afike akiwa anaeleweka? Na akishafika, ni vitu gani mtu unaweza kuomba afanyiwe bila kuonekana unawafundisha kazi?


MjukuuWaMzaramo amejibu:

Samahani nitoke nje ya mada. Hivi Dar nako tumefika huko kwa kulipia wazazi wakae na watu baki? Sisi bibi alikuwa chumba cha mbele mpaka anafariki, akikohoa nyumba nzima inaamka. Huyo mtoto yuko Mwanza anafanya nini. Ndio maana wanafungwa mikono.


KifunguaMimba amejibu:

Kaka MjukuuWaMzaramo mimi ni mmoja wa hao unaowasema, ngoja nikujibu kwa heshima halafu nimjibu na dada.

Mama yangu yupo makazi mwaka wa pili sasa. Kwetu tumezaliwa watano, mmoja yuko Marekani, wawili mikoani, mdogo wetu ana mtoto mlemavu, mimi natoka nyumbani Chanika saa 11 alfajiri narudi saa 3 usiku. Mama alikuwa anafungiwa ndani na dada wa kazi wa miaka 17. Siku kapaliwa na ugali yule binti alikuwa dukani. Hiyo nyumba ya bibi chumba cha mbele na watu kumi wa kuamka ilikuwa nzuri sana, sisi hatunayo tena.

Sasa dada yangu, jambo nililojifunza kwa mama alipolazwa na nimonia mwaka juzi ni kwamba familia inachelewesha kuliko foleni. Makazi wanapiga simu, mimi nawapigia wakubwa, tunaanza kujadiliana kwenye grupu la wasapu, mmoja anasema apelekwe pale, mwingine pale ghali, mwingine anatuma sala. Masaa manne yamepita. Tulipokuja kukaa chini tukaamua vitu vitatu mama akiwa mzima: nani mwenye kauli ya mwisho (mimi), hospitali ipi kwanza, na hela kiasi gani zinakaa pembeni kwenye simu yangu kwa ajili hiyo tu. Kitambulisho cha mzee, kadi ya bima na kopi zake zipo makazi kwenye bahasha, haziko kwangu. Kwa asiye na bima, hospitali za serikali mzee wa miaka 60 kwenda juu asiye na uwezo anatakiwa kutibiwa bure, na dirisha la wazee lipo, ila ukifika mikono mitupu bila kitambulisho cha mzee ndio unaanza kuzungushwa.

Na kitu kingine hakuna aliyekitaja hapa. Huyo babu mwenyewe mwenye akili timamu kuliko nyie, kuna mtu amewahi kumuuliza siku akiumwa sana anataka nini? Mama yangu nilipomuuliza alinijibu vitu ambavyo nisingevibuni.


SistaWaWodini amejibu:

DadaWaZamu pole, na nashukuru hujaja kututukana. Mimi ni nesi, wodi ya wanaume ya magonjwa ya ndani, mwaka wa 14 huu, nitaongea ukweli wa upande wetu.

Usiku nakuwa mimi na mwenzangu mmoja, vitanda vimejaa na wengine wako chini kwenye magodoro. Mzee akiletwa na mtu asiyemjua, anaongea na treni, mimi sina namna ya kujua kama ndivyo alivyo miaka mitano sasa au imeanza juzi. Na tofauti ya hapo ndio kila kitu! Uzee hauingii Jumanne. Mtu aliyekuwa anasoma gazeti Jumapili halafu Jumanne anaita marehemu, huyo ana ugonjwa mwilini, iwe mapafu, mkojo, sukari imeshuka, dawa, kitu chochote, na inabidi atafutwe siku hiyo hiyo. Wazee wengi nimonia yao haiji na homa wala kikohozi cha kukupasua masikio. Inakuja na kukataa kula, kuanguka, kujikojolea mtu ambaye hakuwa hivyo, usingizi mchana kutwa, kuweweseka. Homa ikikosekana watu wanatulia, hapo ndipo wanapotuponyoka.

Kipimo cha bure mnacho, saa ya ukutani. Hesabu pumzi dakika nzima (sio robo dakika ukazidisha), mzee katulia, usimwambie kwamba unamhesabu. Mtu mzima aliyetulia anapumua kama mara 12 mpaka 20. Mzee akivuka 25 usisubiri asubuhi, akifika 30 hiyo ni hatari kabisa. Madaktari wana hesabu yao ya kupima nimonia ni kali kiasi gani, wanaiita CURB-65, wanaangalia mambo matano: kuchanganyikiwa kupya, yurea kwenye damu (taka inayochujwa na figo) kuzidi milimoli 7 kwa lita, pumzi 30 au zaidi, namba ya juu ya presha kuwa chini ya 90 au namba ya chini 60 kushuka, na umri 65 kwenda mbele. Kila moja ina alama, zikifika tatu huyo ni mahututi. Sasa angalia, babu yako alama ya umri anayo tayari, kuchanganyikiwa ni ya pili, mmeifuta wenyewe kwa kusema ni uzee, na pumzi hakuna aliyehesabu. Amefika pale getini ana alama tatu pengine, na hakuna hata moja iliyosomwa.

Kwa hiyo mimi ningekuomba kitu kimoja kuliko vyote. Karatasi. Kurasa mbili hatutasoma, upande mmoja wa karatasi unatosha. Juu kabisa uandike HALI YAKE YA KAWAIDA: anaongea vizuri, anatambua watu na siku, anakula mwenyewe kwa mkono wa kushoto, anakaa kwenye kiti, anatembea na fimbo mpaka chooni, mkojo anasema mwenyewe. Halafu LEO: tangu lini kabadilika, nini kimebadilika, pumzi ngapi, oksijeni ngapi kama mna kimashine. Halafu dawa zote na mara ya mwisho kameza saa ngapi, aliyowahi kudhurika nayo, anapaliwa au hapaliwi, anavaa miwani, meno ya bandia, sikio lipi linasikia. Mwisho namba ya simu ya mtu mmoja anayepokea usiku. Isainiwe na nesi wenu.

Na aje mtu anayemjua. Hata masaa mawili ya kwanza tu. Mambo ya kijana wa bustani, mnisamehe, mmetuletea kifurushi bila anwani.

Kuhusu kuomba bila kuonekana mjuaji, uliza usiamrishe. "Sista, oksijeni yake imesomaje?" Hapo atachukua kimashine. "Sista, huu mpira wa mkojo bado anauhitaji? Nyumbani huwa anasema mwenyewe." Mara nyingi mpira umewekwa emajensi na baada ya hapo hakuna aliyefikiria kuutoa, na kila siku unaokaa ni njia ya bakteria kupanda. Kufunga mikono sitaitetea, inatokea kwa sababu hakuna mtu wa kukaa naye, na mzee akifungwa ndio anazidi kuweweseka. Ndugu akikaa pembeni akamshika mkono, akampa miwani yake, akamwambia leo ni Alhamisi upo hospitali, bandeji haihitajiki.

Kulisha chali ni hatari jamani. Mzee wa kiharusi koo lake haliko sawa, chakula kinaingia njia ya hewa. Huyo ndugu mwenye huruma angeweza kumrudishia nimonia upya. Aketishwe wima kabisa, kijiko kidogo, ameze kwanza ndio kingine kije, na abaki wima kama nusu saa baada ya kula. Akiwa anasinzia asilishwe kabisa.

Nilitaka kusahau, mkimleta mwenye kikohozi cha wiki mbili, au anakonda, au anatoa jasho usiku, semeni wenyewe "tunaomba na makohozi yapimwe TB". Kwetu hapa wazee wanapata TB kama wengine na mnaishi chumba kimoja watu wanne.


MbongoOntario amejibu:

Nasoma kimya kimya kila siku leo nimeshindwa. Mimi niko Kanada, nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee huku Ontario, nilianza kwa kufua mashuka sasa nahudumia.

Huku suala lao lilikuwa kinyume na lenu, kila mzee akikohoa anapakiwa kwenye ambyulensi, anafika emajensi anakaa kwenye korido hivyo hivyo (msidhani korido ni za Bongo tu), anarudi na vidonda na kuchanganyikiwa. Sasa Hamilton, hapa hapa Ontario, walifanya utafiti kwenye nyumba 22 za wazee, wakazi 680, ukachapishwa mwaka 2006. Nusu ya nyumba wakapewa utaratibu ulioandikwa: mzee akishukiwa nimonia, kama bado anakula na kunywa, mapigo ya moyo hayajazidi 100, pumzi ziko chini ya 30, namba ya juu ya presha ni 90 au zaidi, oksijeni 92 au zaidi, atibiwe pale pale kwa antibayotiki ya kumeza, nesi anamfuatilia, na eksirei ya kubebeka inaletwa. Akikosa moja katika hizo aende hospitali. Nyumba zenye utaratibu waliopelekwa hospitali walikuwa 10%, zile zilizoendelea kama kawaida 22%. Na waliobaki hawakufa zaidi ya wengine.

Ila nakuonya dada usije ukaunakili kama ulivyo. Huku nesi yupo saa 24, daktari anapigiwa simu anaagiza dawa, eksirei inakuja na gari. Wewe una nesi wa mchana. Nilichotaka uchukue ni ile namba. Sisi kabla ya karatasi ile kila mtu alikuwa na hisia zake, mmoja anasema mzee yuko poa mwingine anasema anakufa, wa zamu ya usiku anaogopa kumuamsha bosi. Namba zikibandikwa ukutani mhudumu wa usiku anapata ujasiri, anapiga simu anasema pumzi 28 oksijeni 89, hapo hakuna wa kumwambia subiri kukuche.

Hicho kimashine cha kidoleni nunueni, sio ghali. Mikono ipashwe joto kwanza, kucha isiwe na hina wala rangi ya kucha, na subiri namba itulie. Na mjue kwa ngozi nyeusi wakati mwingine kinasoma juu kuliko hali halisi, kwa hiyo kikisema 93 na mzee anahema, amini macho yako.


DukaLaDawaMtaaWaPili amejibu:

Mfamasia hapa. Naomba nizungumzie dawa kwa sababu najua mtu atasoma hapo juu "antibayotiki ya kumeza" kesho atakuja dirishani kwangu.

Wahudumu wa makazi msinunue antibayotiki kwa kubahatisha, na hasa zile sindano za seftriaksoni mnazochomewa mtaani kwa kila homa. Mzee figo zimechoka, kwa dawa nyingi dozi ya kijana inamlemea. Halafu kuna antibayotiki za levofloksasini na ndugu zake, hizo zinaipunguza makali TB kwa muda, mgonjwa anapata nafuu wiki moja, kipimo kinakuja kuchelewa, TB inaendelea kutafuna na kusambaa kwenye chumba chenu. Apimwe kwanza.

Kuna jambo watu hawalijui. Mwaka 2005 Wamarekani kwenye mwongozo wao walisema mkazi yeyote wa nyumba ya wazee akipata nimonia achukuliwe kama ana bakteria sugu wa hospitalini, basi wazee wakawa wanamiminiwa madawa makali matatu kwa mpigo. Mwaka 2019 wakaifuta hiyo kanuni wenyewe, kwamba kukaa makazi peke yake hakukufanyi uwe na bakteria sugu, tibu kwa kuangalia mgonjwa na vipimo. Na huo mwongozo unaruhusu dozi isimamishwe baada ya siku 5 kama mgonjwa ametulia kweli. Kwa hiyo mzee akirudi na antibayotiki za wiki tatu sio dhambi kuuliza ni za nini.

Dawa za usingizi, dayazepamu na wenzake. Najua makazi mengi wanapewa wazee "walale vizuri". Mzee mwenye dayazepamu koo linalala nalo, mate yanashuka kwenye mapafu usiku kucha. Ukitaka kupunguza nimonia anzia kwenye hilo boksi lenu la dawa, muombe daktari alipitie moja moja.

Dada kuhusu presha yake, usianzishe wala usiache kimya kimya. Mpime asubuhi na jioni siku tatu, andika, nenda na zile namba na karatasi ya ruhusa ukaulize zilisitishwa kwa sababu gani. Nimonia kali inashusha presha, inawezekana walizitoa kwa makusudi mazuri tu wakasahau kuandika zirudishwe lini.


BintiWaMeno amejibu:

Ni fupi tu. Msaidizi wa daktari wa meno. Mdomo wa mzee usiopigwa mswaki ni shamba la bakteria na akipaliwa na mate yake anavuta shamba zima. Wajapani walijaribu kwenye nyumba 11 za wazee kwa miaka miwili, matokeo yakatoka 2002, kundi moja wahudumu wakawasafisha meno baada ya kila mlo na daktari wa meno akapita kila wiki, kundi jingine wakaachwa na mazoea yao. Waliosafishwa waliopata nimonia ni 11%, wenzao 19%. Mswaki laini, hata asiye na jino pangusa fizi na ulimi kwa kitambaa safi. Meno ya bandia yatoke usiku yaoshwe, yasilale mdomoni. Wodini pia mpeleke mswaki wake, hospitali hawatampa.


FundiWaViungo amejibu:

Nami niongezee la kukaa, maana nimesoma "hawezi kukaa" nikasikitika. Mzee akilala siku 11 misuli inayeyuka kama siagi ya juani. Kuna kazi ilifanyika Marekani ikachapishwa 2003, wagonjwa wa nimonia walitolewa kitandani ndani ya saa 24 za kwanza, wakakaa wima japo dakika 20, halafu kila siku wanaongezewa. Waliruhusiwa mapema kwa takriban siku moja kuliko wenzao, siku 5.8 kwa 6.9. Mtaona ni siku moja tu, ila kwa mzee siku moja ya kulala ni wiki ya kujifunza tena kusimama.

Kwa hiyo anayekwenda kumuona mgonjwa saa ya kuona wagonjwa asikae tu kwenye ukingo wa kitanda anapiga stori. Muulize nesi kama anaruhusiwa kuketi, muinueni wawili, kiti kiwe na mgongo, mito upande wa mkono uliopooza, bomba la oksijeni lifuate. Akiwa kitandani ageuzwe kila masaa mawili, visigino visigandamizwe. Babu wako sasa hivi anza dakika tano mara nne kwa siku kabla hujafikiria ishirini, na kidonda kisikaliwe moja kwa moja, mbadilishie egemeo.


MjukuuWaMzaramo amejibu:

Nimesoma yote. KifunguaMimba nisamehe bure, niliongea kwa hasira, bibi yangu nae aliondoka na kifua na sisi nyumba nzima tulidhani ni malaria. Tulimpa dawa za malaria siku nne.


DadaWaZamu amejibu:

Wadau nimerudi, samahani nilipotea, wiki tatu zimekatika. Nilichapa yote haya nikampelekea nesi wetu na bosi. Bosi alinuna kidogo halafu akanunua kimashine cha kidoleni na saa yenye mshale wa sekunde. Karatasi tumetengeneza, moja kwa kila mzee, zimening'inia nyuma ya mlango. Daktari alipitia boksi la dawa, wazee sita walikuwa na dayazepamu, wanne zinapunguzwa polepole, hao wanne usiku wanatusumbua hasa sitadanganya.

Wiki iliyopita bibi wa chumba cha nne alikataa chai. Yeye huwa hakatai chai hata akigombana na mtu. Mwenzangu akahesabu pumzi, 27, akarudia 28, oksijeni 90. Ilikuwa saa 4 usiku, hatukujadiliana, mimi mwenyewe nikapanda nae gari na bahasha yake. Barabara nyeupe dakika 35 tumefika. Tulisubiri, msinielewe vibaya, karibu masaa mawili, ila karatasi ilivyosomwa pale mapokezi yule daktari kijana akauliza "kwa hiyo huwa anatambua siku?" nikamwambia huwa anatambua hadi madeni ya watu. Akacheka, akawekewa oksijeni pale pale, damu ikatolewa, eksirei usiku ule ule. Mpira wa mkojo waliuweka pamoja na kwamba niliuliza. Siku ya tatu nikauliza tena, sista akasema ngoja nimuulize daktari kwenye raundi, ukatolewa. Katoka siku ya 6 akaingia chooni mwenyewe na fimbo yake. Makohozi yamepimwa TB hana.

Babu fundi reli kidonda kinajifunga, anakaa dakika kumi na tano sasa, dawa moja ya presha karudishiwa na nyingine wameiacha. Treni hazitaji tena. Juzi kaiona karatasi yake mlangoni akaomba aisome. Kwanza kasahihisha, nilikuwa nimeandika "anaongea vizuri" akasema ongeza "kuliko nyie". KifunguaMimba nikakumbuka swali lako nikamuuliza. Alikaa kimya muda mrefu nikadhani kasinzia, halafu akaniambia andika. Nikiweza kumeza nitibiwe hapa hapa kitandani kwangu. Nikihema kama siku ile nipelekeni, na aje mtu anayenijua. Oksijeni sawa, sindano sawa. Nisifungwe mikono, mkono wenyewe nimebaki na mmoja.

Kasaini kwa kushoto. Mtoto wake wa Mwanza nimemtumia picha ya karatasi, tiki mbili za bluu zipo ila bado hajajibu.